Maneno ya Siri Yaletwe kwa Nakala Tatu

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika. Waheshimiwa mashefu wa commune, yaani wa kata za mji, wa mitaa na wa nyumba kumikumi. Padri aliyetupatia ukumbi huu na Mchungaji aliyetupatia viti. Wenye maduka ya dawa wa Butembo na Beni, wakuu wa vituo vya afya, wasimamizi wa vyama vya akiba, mawakala wa kutuma pesa kwa simu, yaani ninyi nyote ambao sheria inawaangalia kwa karibu zaidi kuliko inavyowaangalia wauza viazi wa Lubero. Wauza viazi wa Lubero, ambao naona wameingia kujikinga na mvua. Mabibi na mabwana, kila mmoja katika vyeo na sifa zake, itifaki yote ikiwa imeheshimiwa na ile iliyosahaulika ikiwa imesamehewa:

(Makofi. Watu kumi na wawili, wote wa safu ya kwanza.)

Mimi, Gamaliel Lusenge, Mratibu wa Muda, tangu miaka minne sasa, wa Coordination ya Cybersécurité na Ulinzi wa Data kwa Biashara Zinazosimamiwa na Sheria, nina heshima kubwa, furaha isiyopimika na wajibu mzito wa kusimama mbele yenu asubuhi hii ya Jumatano ili kuzindua rasmi, kwa dhati na bila kurudi nyuma, Kituo cha Kulinda Siri za Biashara za Butembo na Beni, kituo ambacho wageni watakuja kukiona kutoka Goma, kutoka Bunia na kutoka Kasindi, kisha watarudi kwao wakiwa wamenyamaza.

(Makofi. Mwanamke wa safu ya tatu, mwenye koti jeupe, hapigi, ameinua mkono. Ni Bénite Kavuo, mwenye duka la dawa huko Kimemi. Coordination ililifunga duka hilo kwa scellé, yaani karatasi ya muhuri iliyobandikwa mlangoni, siku ishirini na sita zilizopita.)

Ninauona mkono, Mama Bénite. Mkono huo umeandikwa kwenye ajenda, kifungu cha kumi na moja, mambo mengineyo, baada ya vinywaji.

("Niko na neno moja tu, Papa Directeur. Ile scellé mutaitoa lini? Insulini iko mule ndani.")

Kifungu cha kumi na moja, mama. Naendelea. Tishio ni nini? Tishio, mabibi na mabwana, ni mtu ambaye hamumjui, aliyekaa mahali ambapo hamupajui, mbele ya kompyuta ambayo hamujawahi kuiona, na ambaye pamoja na hayo yote anajua jina lenu, namba yenu ya simu, dawa munazokunywa na akiba munayoweka, na ndiyo maana mwaka uliopita, kulingana na uchunguzi wa kina tulioufanya sisi wenyewe juu yetu wenyewe, biashara za miji yetu miwili zilishambuliwa mara elfu nne mia tatu na kumi na saba, na katika mashambulizi hayo Coordination ilizuia asilimia mia moja na sita.

(Sauti kutoka nyuma: "Mia na sita? Zile sita zinatoka wapi?")

Zile sita ni za mwaka ujao. Tulizizuia mapema. Hiyo ndiyo inaitwa prévention.

(Makofi marefu. Watu wa safu ya nne wanaangaliana, halafu nao wanapiga.)

Ngoja niwape mfano wa udanganyifu ambao wataalamu wanauita hameçonnage, yaani kuvua kwa ndoana, pale mharamia anapowatumia ujumbe akijifanya bosi au benki ili muandike wenyewe neno lenu la siri. Ujumbe wa namna hiyo ulifika mwezi wa tatu kwenye barua pepe ya Coordination. Ulikuwa umeandikwa kwa adabu ambayo siku hizi haionekani tena: uliniita Excellence mara tano, uliniulizia afya yangu na ya familia, kisha ukaomba neno la siri la barua pepe yetu kwa ajili ya kulihakiki. Je, tulilala? Hatukulala. Tulijibu ndani ya dakika nne, kwa barua yenye namba, tarehe na muhuri, na tangu siku ile barua pepe ya Coordination inatumiwa na mtu mwingine, ambaye ninakiri mbele yenu kwamba anajibu haraka kuliko sisi.

(Kicheko. Mratibu anangoja kiishe, akitabasamu, akidhani ni pongezi.)

Kutokana na somo hilo, mimi binafsi, bila kusaidiwa na mzungu yeyote wala mtu wa Kinshasa, nilibuni mkakati ambao leo unazungumzwa kila kona ya mji, na ambao msingi wake ni rahisi: kitu kisichokuwa na nakala kinapotea. Unapoteza kadi ya mchaguzi, unarudi kwenye nakala. Unapoteza cheti cha ubatizo, unarudi kwenye nakala. Lakini neno la siri, ambalo ndilo mlango wa kompyuta yako, yenye wagonjwa wako na wateja wako wote, uliliweka wapi? Kichwani. Na kichwa, mabibi na mabwana, hakina muhuri. Ndipo likatoka agizo letu namba moja: kila biashara inayosimamiwa na sheria ilete neno lake la siri limeandikwa kwenye karatasi, kwa nakala tatu, zikiwa zimethibitishwa kwa muhuri wa commune, pamoja na picha mbili za pasipoti, ili ijulikane neno hilo ni la nani.

(Makofi ya safu ya kwanza. Bi. Kavuo amesimama. "Mot de passe, ile neno ya siri, yenye bote banaijua haiko tena mot de passe, Papa.")

Mama Bénite, hakuna aliyesema wote. Nimesema nakala tatu.

(Kicheko kutoka kwa wauza viazi.)

Na mwitikio ulikuwa wa kizalendo. Biashara mia sita na kumi na mbili zilipanga foleni kwenye meza ya Bwana Kasonia, huyu hapa kando ya spika, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, raia mwema, ambaye kwa kuwa mwandiko wa waganga haueleweki alilazimika kumsomea mchapaji wake kila neno la siri kwa sauti, herufi kwa herufi, akitaja kubwa ni ipi na ndogo ni ipi, huku foleni nzima ikimsaidia pale aliposita. Huo ndio ushirikishwaji wa jamii. Kuna miji ambako watu hawasaidiani hivyo.

(Kasonia ananyanyua mkono kidogo, kisha anaushusha.)

Ninajua pia kwamba yamesemwa maneno. Imesemwa kwamba fotokopi zilizoharibika hazikuchomwa moto, bali ziliuzwa kwa akina mama wanaofungia karanga.

(Mwanamume wa safu ya sita: "Haijasemwa tu. Mi nilikulaka karanga mu mot de passe ya dispensaire ya shemeji. Nikamupigia simu, nikamusomea. Akaniuliza kama karanga zilikuwa na chumvi.")

Ninamshukuru mzungumzaji kwa mchango wake wa kiufundi, na ninamtuliza. Karanga zilizokaangwa zina mafuta. Mafuta yakigusa wino, herufi zinatawanyika, na herufi zikitawanyika hakuna anayeweza kuzisoma. Wataalamu wanaita cryptage. Sisi tumeifikia kwa njia zetu wenyewe.

("Mi niliisoma bila shida.")

Basi hukukaa nazo muda wa kutosha. Naendelea. Nakala hizo tatu ziko wapi leo? Nakala ya kwanza imo ndani ya sanduku la bati la rangi ya kijani, lenye kufuli mbili, ambalo funguo zake zinashikwa na mamlaka mbili tofauti kadiri ya kanuni za kimataifa: ufunguo wa kwanza uko shingoni mwangu, na ufunguo wa pili, kwa usalama zaidi, umefungiwa ndani ya sanduku lenyewe. Kwa hiyo naweza kuwahakikishia kwamba hakuna mharamia yeyote duniani atakayelifungua. Hata sisi tumejaribu.

(Makofi. Mwakilishi wa Mheshimiwa anaandika kitu, anakifuta.)

Nakala ya pili ilipelekwa Beni kwa pikipiki, ndani ya mfuko ulioandikwa SIRI KUBWA kwa rangi nyekundu, ili asiyehusika asiufungue. Mfuko huo ulipita vizuizi saba vya barabarani. Katika kila kizuizi, kwa sababu ya maandishi hayo, ulifunguliwa, ukasomwa mpaka mwisho, ukafungwa tena kwa heshima, na nina hapa hati saba zenye sahihi za wakuu wa vizuizi zikithibitisha kwamba wamesoma na hawakuona kosa lolote. Nani kati yenu alishawahi kupata ukaguzi mara saba kwa siku moja? Nakala ya tatu ilibaki kwa Bwana Kasonia, kwa ajili ya wale watakaohitaji nakala ya nne.

(Makofi yanachelewa. Yanapoanza, ni ya watu watano.)

Mia sita na kumi na mbili, mabibi na mabwana. Ingekuwa mia sita na kumi na tatu. Na sipendi kumtaja mtu hadharani, lakini Mama Bénite Kavuo wa Kimemi, aliyeketi, samahani, aliyesimama katika safu ya tatu, alikataa. Alikataa kwa mdomo, alikataa kwa maandishi, na alipopewa siku tatu za kutafakari alitumia siku hizo tatu kukataa. Sheria ni ya wote. Nilimtuma katibu wangu Phinées, huyu hapa mlangoni mwenye koti la kaki, akaweka scellé mlangoni, na kwa uangalifu ninaoupongeza alikata kwanza umeme wote wa duka, ule wa kwenye mstari na ule wa batri za jua, ili data zisitoroke kupitia nyaya.

(Phinées, mlangoni, anaangalia viatu vyake.)

("Unaweza niache niseme, Papa Directeur? Mi sitalia na sitapiga makelele.")

Kifungu cha kumi na moja, mama.

(Safu ya tano na ya sita: "Aseme." "Muache mama aseme." "Tunamungoja ye, si vinywaji." Mratibu anaangalia saa yake, kisha anaangalia mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye anaangalia dirisha.)

Dakika moja. Kwa moyo wa ukarimu unaoitambulisha Coordination.

(Bi. Kavuo: "Ile ordinateur, kompyuta yangu, iko na majina ya bagonjwa yangu, na dawa ya kila mutu. Mwenye kujua mot de passe yangu atajua mu Kimemi nzima nani anakunywa dawa gani. Kuko mama bwana yake hajue. Kuko bwana bibi yake hajue. Balinipatia ile siri ku comptoir, pale ninauzishia dawa, hapana ku Kasonia. Iyo njo sababu nilikatala. Ya pili. Mu frigo muko chupa makumi ine na moja za insulini. Frigo ilizimwa siku Phinées alifungaka. Butembo kuko baridi, njo maana hazijaharibika bado. Karatasi ya kiwanda inasema inje ya frigo ni siku makumi mbili na nane. Leo ni ya makumi mbili na sita. Siku ya Ijumaa zinakuwa maji. Niko na bagonjwa kumi na kenda ba sukari. Tangu nifungiwe banapanda moto, zile pikipiki, banaenda kuitafuta Beni, na ile njia munaijua, banauaka batu mule. Leo asubui bengine bako tena ku parking, bamekuwa banangoja mvua ipite. Minauliza kwa mara ya pili: scellé mutaitoa lini?")

(Mvua kwenye mabati inasikika.)

Ninakushukuru, mama, kwa sekunde hizo sabini na mbili. Coordination ina moyo. Coordination ina wagonjwa wa sukari katika familia yake. Lakini scellé haiondolewi na mtu. Inaondolewa na tume. Tume hiyo itakaa mara tu wajumbe wake watakapoteuliwa, na watateuliwa mara tu Kituo kitakapozinduliwa.

("Si unakizindua leo?")

Ninakizindua hatua kwa hatua.

("Leo ni hatua gani?")

Hatua ya hotuba.

(Kicheko kirefu. Mratibu anakunywa maji.)

Na hotuba hiyo, ambayo mama ameikata mahali pazuri kuliko pote, ilikuwa inafika kwenye Kituo chenyewe. Fumbeni macho. Ghorofa tatu. Ghorofa ya chini, mapokezi, yenye viti vya ngozi na mashine ya kutoa namba za foleni. Ghorofa ya pili, chumba cha serveur, baridi usiku na mchana, ambamo data za kila duka la dawa, kila dispensaire na kila chama cha akiba zitalala kama mtoto aliyeshiba. Ghorofa ya tatu, ofisi ya Mratibu, yenye madirisha pande nne, kwa sababu mashambulizi yanaweza kutoka pande zote. Wafanyakazi mia moja na themanini, wote vijana wa hapa, wote wenye mashati yenye nembo. Nimeuota mradi huu, nimeuandika, nimeuchapisha, nimeujaladi. Mtoto wa Butembo amefanya hivyo. Msishangae siku moja barabara ikipewa jina, na kwa unyenyekevu sitasema la nani.

(Makofi ya safu ya kwanza, isipokuwa Padri, ambaye amefumba macho kama alivyoagizwa na hajayafungua.)

Nikielekea kumaliza, tuitikie pamoja. Mimi nikisema: Siri yako, ninyi mutasema: sanduku letu. Siri yako.

(Watu wanane: "Sanduku letu.")

Nikisema: Nakala moja, ninyi mutasema: haitoshi. Nakala moja.

("Haitoshi.")

Vizuri, safu za nyuma zitafanya nyumbani. Sasa shukrani, maana mtu asiyeshukuru hana kumbukumbu, na asiyekuwa na kumbukumbu ndiye anayehitaji nakala. Namshukuru Padri kwa ukumbi, na kwa kutukubalia kubandika juu ya mlango wake ile karatasi iliyoandikwa KITUO, ambayo itaondolewa kabla ya misa ya jioni. Namshukuru mwenye kile kiwanja cha Kimemi ambako Kituo kingejengwa, ambaye kwa sasa amepanda maharagwe, na ambaye ameahidi kwamba akishavuna atafikiria kama anatufahamu. Namshukuru Phinées, aliyetuchongea muhuri wetu kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye soli ya kandambili, kazi safi, mpaka leo hakuna aliyeushuku. Na kwa namna ya pekee kabisa, nawashukuru wakubwa wa Kinshasa, ambao baada ya barua zetu ishirini na tatu wametujibu juzi kwa barua ambayo nitaisoma kama ilivyo, maana ni ya kihistoria: "Bwana, ofisi yetu haijui Coordination yenye jina hilo, haijawahi kuiunda, haijatoa agizo lolote la kukusanya maneno ya siri, na haina kituo chochote katika mpango wake kwa Butembo wala kwa Beni. Tunakuomba utueleze wewe ni nani na unafanya kwa mamlaka gani." Mabibi na mabwana, ni mara ya kwanza kwa Kinshasa kutaka kunifahamu.

(Hakuna makofi. Mwakilishi wa Mheshimiwa anahamisha kiti chake nyuma, kama nusu mita.)

("Papa Directeur, tafazali. Soma tena pale.")

Pale "utueleze wewe ni nani"?

("Hapana. Mbele ya pale, kule juu.")

"Haijui Coordination yenye jina hilo, haijawahi kuiunda, haijatoa agizo lolote." Ni lugha ya kiutawala, mama. Maana yake ni kwamba jalada liko wazi.

(Bi. Kavuo: "Donc ile karatasi ku mulango yangu haina mwenyewe." Anachukua mkoba wake na mwavuli. Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayehesabu vidonge.)

Mama Bénite, kuondoa scellé bila tume ni kosa linaloadhibiwa na agizo letu namba mbili, ambalo liko kwa Bwana Kasonia linachapwa.

(Kasonia: "Mashine imekufa, Papa." Asubuhi mashine hiyo ilikuwa imechapa ajenda. Bi. Kavuo anafika mlangoni. Phinées hajasogea. "Unanifungia njia, Phinées?" "Hapana, mama. Ni mi nilibandika ile kitu, na nilitiaka gundi ya viatu. Ukivuta tu, mulango itaharibika. Niko na kisu mu mufuko. Twende nikufungulie, na ule umeme pia niurudishe, najua wapi nilikata." Anavua koti la kaki, analikunja, analiweka juu ya kiti.)

Phinées. Phinées, sijakupa ruhusa ya kutoka. Phinées, nani atafunga kikao?

("Kifunge we mwenyewe, Papa. Mi minaenda kufungula.")

(Safu ya sita inatoka, halafu ya tano, halafu nyinginezo. Wauza viazi wanatoka ingawa mvua haijakatika. Kwenye ukumbi wa watu mia moja na arobaini wanabaki tisa. Kati yao wawili wanatafuta mwavuli.)

Basi nawashukuru mulioketi, nawashukuru munaotoka, na ninawaomba munaotoka mutoke kwa foleni na kwa heshima, ili takwimu za mahudhurio zisiharibike. Asanteni, aksanti sana, wasingya, na ninautangaza uzinduzi umekamilika.

(Mlangoni Bi. Kavuo ameshika simu sikioni, akimpigia msaidizi wake wa dukani, na kwa kuwa mvua inapiga mabati anasema kwa nguvu, mpaka mbele wanasikia: "Ni mi, Bénite. Kimbia ku parking, ita bale bagonjwa bote. Bashuke ku moto. Leo hapana mutu anaenda Beni.")